Somo la Tisa: Karani Anayeita kwa Majina

  Mwenyekiti wa kikundi ahakikishe kwamba kila mtu ana kalamu na karatasi, na kwamba ubao unaonekana. Leo tutaandika kidogo na kufikiri sana.

Katika somo la nane tulijifunza kuchora daftari lenye mistari na safu. Mstari hulala kutoka kushoto kwenda kulia, nao huchukua habari za mtu mmoja au za jambo moja. Safu husimama kutoka juu kwenda chini, nayo huchukua habari za aina moja, kama jina, au uzito, au bei. Aliyeelewa hayo tayari ameingia nusu ya somo la leo.

Leo tutasoma jinsi kompyuta inavyoulizwa habari zilizo katika daftari lake, na jinsi inavyotuletea majibu. Huenda mtu mmoja akasema, "Mimi ni mchimbaji wa dhahabu, au mkulima wa pamba. Kompyuta inanihusu nini?" Ndugu yangu, inakuhusu sana. Siku hizi stakabadhi unayopewa mara nyingi hutoka katika kompyuta. Kama majibu ya kompyuta yamesomwa vibaya, anayepunjwa ni wewe.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa nchi yetu hii wanaijua maana yake. Katika miaka ya kwanza ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi ilikuwa ikiwapunja. Walidai wawe na wapimaji wao wenyewe penye mizani. Kutokana na madai hayo vyama vya ushirika vya wakulima vilikua, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Bwana Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Tena mwaka 1968, mradi wa kusoma na kuandika uliosaidiwa na Unesco ulianza katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Watu wazima walijifunza kusoma kwa habari za kazi zao wenyewe, kama kilimo cha pamba. Basi, tangu zamani kusoma na kupima ni ndugu katika sehemu hizi. Leo tunaongeza ndugu wa tatu, naye ni kompyuta.

DAFTARI LETU LA MFANO

Tuchukue mfano wa soko la dhahabu. Geita imejulikana kwa dhahabu tangu zamani. Mgodi wake wa kwanza mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Wachimbaji wadogo nao wako wengi. Mwaka 2019 Serikali ilianza kufungua masoko ya madini, na la Geita lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza kabisa. Hapo mchimbaji huleta dhahabu yake, ikapimwa, ikaandikwa, naye akauza.

Lakini soko nitakalolieleza leo si soko la kweli. Ni la mfano tu. Hata watu wake ni wa mfano, na bei nimeitunga ili hesabu iwe nyepesi. Andikeni ubaoni safu nne: namba, jina, gramu, bei. Halafu andikeni mistari hii mitatu:

1, Shija, 12, 150000
2, Kulwa, 4, 150000
3, Nyanzala, 7, 150000

Maana yake ni kwamba Shija aliuza gramu 12, na kila gramu ilinunuliwa kwa shilingi 150,000. Basi Shija astahili shilingi 1,800,000. Kulwa astahili 600,000. Nyanzala astahili 1,050,000. Jumla ni shilingi 3,450,000. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe kabla ya kuendelea.

Daftari kama hilo likikaa ndani ya kompyuta huitwa hifadhidata. Mpango wa kuweka habari katika mistari na safu, na kuziuliza kwa utaratibu, ulielezwa mwaka 1970 na bwana mmoja Mwingereza, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuulizia. Lugha hiyo sasa huitwa SQL, nayo inatumika duniani kote.

KUULIZA SWALI

Hifadhidata haisemi mpaka iulizwe. Swali lenyewe huandikwa kwa maneno machache ya Kiingereza. Msiyaogope. Yachukueni kama alama tu, kama vile mnavyochukua alama ya kujumlisha. Andikeni:

SELECT namba, jina, gramu, bei FROM mauzo

Neno SELECT maana yake ni "chagua". Neno FROM maana yake ni "kutoka katika". Basi sentensi nzima yasema hivi: chagua namba, jina, gramu na bei kutoka katika daftari liitwalo mauzo.

Sasa nani anauliza swali hilo? Si mtu aliyesimama dirishani. Anayeuliza ni programu, yaani orodha ya maagizo ambayo mtu ameiandika mapema. Programu ya namna hii huandikwa kwa lugha ya maagizo. Kompyuta huyasoma maagizo hayo na kuyatenda kila yanapoitwa, moja baada ya jingine. Lugha mojawapo ya namna hiyo, inayotumiwa sana katika kazi za intaneti, ni PHP. Ilianzishwa na Bwana Rasmus Lerdorf, aliyezaliwa Greenland, naye aliitoa kwa watu mwaka 1995. Mwaka huohuo hifadhidata iitwayo MySQL ilianza huko Sweden. Hawa wawili, PHP na MySQL, wamefanya kazi pamoja miaka mingi kama jembe na mpini.

Mfikirie PHP kuwa ni karani, na hifadhidata kuwa ni chumba cha madaftari. Karani anakwenda chumbani, anauliza swali, anarudi na majibu. Sasa hapa ndipo penye somo la leo. Karani aweza kuyashika majibu hayo kwa njia mbili.

NJIA YA KWANZA: KUHESABU NAFASI

Katika njia ya kwanza karani hakumbuki majina ya safu. Anakumbuka nafasi tu. Kwa desturi ya kompyuta, kuhesabu huanzia sifuri. Basi anasema: sifuri ni namba, moja ni jina, mbili ni gramu, tatu ni bei. Akitaka kujua malipo ya Shija, huzidisha kilicho katika nafasi ya mbili kwa kilicho katika nafasi ya tatu. Kumi na mbili mara 150,000 ni 1,800,000. Hesabu ni sawasawa.

Karani mvivu hufanya jambo jingine pia. Haandiki majina ya safu katika swali lake. Huandika alama ya nyota:

SELECT * FROM mauzo

Nyota hiyo yasema, "Nipe safu zote, kwa mpango uliomo daftarini." Ni rahisi kuandika. Nayo hufanya kazi vizuri mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

Sasa sikilizeni kwa makini. Bei ya dhahabu hubadilika kila siku kufuata soko la dunia. Siku moja mkuu wa soko letu la mfano anasema, "Nataka kuona bei ya jana kando ya bei ya leo." Ombi hilo ni jema, halina hila. Mtunza daftari anaongeza safu mpya, bei_jana, akaiweka kabla ya bei. Sasa mpango wa safu ni huu: namba, jina, gramu, bei_jana, bei. Tuseme bei ya jana ilikuwa shilingi 148,000.

Karani hajaambiwa. Yeye bado anajua kwamba nafasi ya tatu ni bei. Lakini katika nafasi ya tatu sasa imekaa bei ya jana. Basi anazidisha 12 kwa 148,000, anapata 1,776,000. Shija amepungukiwa shilingi 24,000. Kulwa amepungukiwa 8,000. Nyanzala amepungukiwa 14,000. Watu watatu, siku moja, wamekosa shilingi 46,000.

Tena tazameni jambo la hatari zaidi. Jumla ya malipo sasa ni shilingi 3,404,000. Mhasibu akijumlisha stakabadhi zote tatu, atapata hiyohiyo 3,404,000. Vitabu vinakubaliana. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya. Kompyuta haikulia wala haikuonya. Shija anashika stakabadhi safi iliyopigwa chapa, anakwenda zake. Kosa lililonyamaza ndilo baya kuliko yote.

NJIA YA PILI: KUITA KWA JINA

Njia ya pili ni kumwagiza karani alete kila mstari kama kitu kimoja kamili chenye sehemu zilizoandikwa majina. Wataalamu huita kitu hicho objekti. Sisi tutaita kitu, kwa kuwa ndicho kilivyo.

Mfikirie mtu anayepanga viroba vya mawe penye karasha. Akisema, "Kiroba cha tatu kutoka mlangoni ni cha Shija," mtu akija kusogeza kiroba kimoja, mali ya Shija imekuwa ya Kulwa. Lakini kila kiroba kikiandikwa jina la mwenyewe, visogezeni mpendavyo, cha Shija kitabaki cha Shija. Tofauti ya njia zetu mbili ni hiyo tu.

Katika PHP maagizo huandikwa hivi. Mwenyekiti ayaandike ubaoni polepole:

$jibu = $daftari->query('SELECT jina, gramu, bei FROM mauzo');

while ($m = $jibu->fetch(PDO::FETCH_OBJ)) {
    echo $m->jina, ' ', $m->gramu * $m->bei, "\n";
}

Tuyasome pamoja. Alama ya dola haina habari ya fedha hapa. Katika PHP huonyesha kwamba neno linalofuata ni jina la chombo cha kuwekea habari. Chombo $daftari ni njia yetu ya kuingilia hifadhidata, iliyofunguliwa mapema. Mstari wa kwanza unauliza swali, na kuweka majibu yote katika $jibu.

Neno while maana yake ni "maadamu". Neno fetch maana yake ni "kalete". PDO ni jina la chombo cha PHP cha kuzungumza na hifadhidata za namna mbalimbali. Kilianza kuja pamoja na PHP mwaka 2005. Maneno FETCH_OBJ yanaagiza: lete mstari kama kitu. Basi maagizo yasema: maadamu kungali na mstari, kalete mmoja, ufanye kitu, ukiite $m.

Ndani ya mabano ya mduara wa nyoka, $m->jina maana yake ni "jina la m". Mshale ule ni sawa na neno letu "la" au "ya": gramu ya m, bei ya m. Nyota ndogo katikati ni alama ya kuzidisha, na echo ni "andika". Kwa hiyo kompyuta itaandika Shija na 1800000, kisha Kulwa na 600000, kisha Nyanzala na 1050000. Ikiisha mistari, fetch hurudisha jibu la "hapana", na mzunguko unakoma wenyewe.

Sasa mrudisheni yule mkuu wa soko na safu yake ya bei_jana. Aiweke mwanzo, aiweke katikati, aiweke mwisho. Karani wetu anaita "bei", naye anapewa bei. Shija anapata shilingi zake zote.

Nawaomba mtambue pia kwamba tumeandika majina ya safu katika swali lenyewe, bila nyota. Hiyo nayo ni kinga. Mtu atakayesoma maagizo haya mwaka ujao ataelewa tunachotaka bila kufungua daftari.

MAMBO MANNE YA KUKUMBUKA

Kila chombo kizuri kina namna yake ya kutumiwa. Yafaa tujue mambo manne.

La kwanza ni tahajia. Ukikosea jina, kwa mfano ukaandika $m->bai badala ya $m->bei, kompyuta haitakisia ulichotaka. PHP itatoa onyo kwamba sehemu hiyo haipo, na itachukua thamani tupu. Kumi na mbili mara kitu tupu ni sifuri. Stakabadhi itasoma shilingi 0. Mchimbaji atapiga kelele, na kosa litatafutwa siku hiyohiyo. Kosa linalopiga kelele ni afadhali kuliko lililonyamaza.

La pili ni majina yaliyofanana. Tuseme swali letu linaunganisha madaftari mawili, la wauzaji na la wanunuzi, na kila daftari lina safu iitwayo jina. Kitu kimoja hakiwezi kuwa na sehemu mbili zenye jina moja. Ile inayosomwa mwisho itaifunika ya kwanza. Huenda stakabadhi ya Shija ikatoka na jina la mnunuzi! Dawa yake ni kutoa majina mapya kwa neno AS, yaani "kwa jina la". Andika wauzaji.jina AS muuzaji, na wanunuzi.jina AS mnunuzi. Hata nyumbani, tukiwa na akina Masanja wawili, humwita mmoja Masanja mkubwa na wa pili Masanja mdogo.

La tatu ni wingi. Tumemwambia karani alete kitu kimoja kimoja. Iko amri nyingine, fetchAll, inayoleta vyote kwa mara moja. Kwa mistari mitatu hakuna neno. Lakini kwa mistari laki tatu ni kama kuingiza soko zima katika chumba cha karani. Nafasi itajaa, na kazi itasimama. Ni heri watu wapite dirishani mmoja mmoja.

La nne ni kazi ya kitu chenyewe. Kitu chaweza kupewa zaidi ya majina. Chaweza kufundishwa kazi. Mwandishi wa programu aweza kueleza namna ya kitu, akakiita Mauzo, na kukifundisha kuhesabu malipo yake chenyewe. Kisha kwa FETCH_CLASS humwambia karani alete kila mstari kwa namna hiyo. Faida yake ni kwamba hesabu ya malipo huandikwa mahali pamoja tu. Ikibadilishwa kanuni ya makato, hurekebishwa pale pamoja, si katika kurasa ishirini.

Neno moja kwa vijana watakaokuta programu za zamani. Mtaona amri iitwayo mysql_fetch_object. Ilifanya kazi hiihii ya kuleta mstari kama kitu. Lakini amri za jamii hiyo ziliondolewa katika PHP 7.0, iliyotolewa Desemba 2015. Mahali pake tumieni PDO, au ndugu yake aitwaye mysqli.

SWALI LA MAMA MMOJA

Nilipofundisha somo hili katika kikundi kimoja, mama mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi sitaandika maagizo hayo kamwe. Kazi yangu ni kusaga mawe na kuosha. Sasa nichukue nini nyumbani?"

Nilimjibu hivi, nanyi nawajibu vilevile. Chukua stakabadhi yako. Usitazame jumla tu. Tafuta jina lako, tafuta gramu, tafuta bei ya gramu moja, na tarehe ya bei hiyo. Zidisha wewe mwenyewe, kwa kalamu au kwa simu. Kama stakabadhi ina jumla tu, bila gramu wala bei, uliza: "Hii imetoka wapi?" Karani mwema hatakasirika. Kila tarakimu iliyoandikwa jina lake yaweza kuulizwa. Tarakimu isiyo na jina haina pa kushikwa.

Wakulima wa mwaka 1950 na kitu walidai kusimama penye mizani. Mizani ya leo nyingine imo ndani ya kompyuta, hamwezi kuiona kwa macho. Lakini mtu ajuaye kusoma na kuzidisha bado aweza kusimama penye mizani yake.

KAZI YA KIKUNDI

Jadilianeni maswali haya, na katibu aandike majibu:

1. Nyanzala ameuza gramu 9 kwa bei ya leo ya mfano, shilingi 150,000. Astahili kiasi gani? Karani akitumia bei ya jana, shilingi 148,000, atapungukiwa kiasi gani?

2. Kwa nini mhasibu hakuligundua kosa lile alipojumlisha stakabadhi?

3. Chorani daftari la chama chenu cha ushirika au kikundi chenu cha uchimbaji. Kipeni kila safu jina ambalo haliwezi kuchanganywa na jingine.

4. Kila mmoja alete stakabadhi moja ya kweli kutoka nyumbani. Ni tarakimu zipi zina jina, na zipi hazina?

Katika somo la kumi tutasoma jinsi ya kumwuliza karani habari za mtu mmoja tu, na jinsi ya kuzuia mgeni asiingize maneno yake ndani ya swali letu. Mpaka siku hiyo, fanyeni hesabu zenu vizuri. Kwaherini.